Mwanafunzi mpya wa kriminolojia, likizo hii nenda mahakamani

Wewe uliyeanza kriminolojia, yaani taaluma ya uhalifu, na sasa upo nyumbani Tabora kwa likizo: ingia mahakamani ukasikilize kesi. Kesi nyingi za jinai husikilizwa kwenye mahakama ya wazi, huhitaji kujuana na mtu. Vaa kwa heshima, zima simu, kaa nyuma. Za watoto na za ubakaji husikilizwa faraghani, hizo ziache.

Fuatilia kielelezo kimoja tu, yaani kitu kinacholetwa mahakamani kama ushahidi. Tuseme ni panga: nani alilikamata, liliwekwa alama gani, lilitunzwa wapi, nani kalileta mahakamani. Shahidi akijichanganya hapo, utamwona wakili akisimama kupinga lisipokelewe. Somo la ushahidi litakuingia kuliko ulivyolisikia darasani.

Kwenye daftari gawa ukurasa mara mbili: kushoto ulichosikia, kulia unachodhani. Tabia hiyo utaihitaji kwenye utafiti na kwenye ripoti za kazini. Majina usiandike, hao ni watu wenye familia mtaani.

Jioni tafuta hukumu za kesi zinazofanana na uliyosikiliza kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ni bure. Soma hasa pale hakimu au jaji anapoeleza kwa nini amemwamini shahidi huyu akamkataa yule.