Namna ya Kuchagua Saa ya Rolex Submariner Iliyotumiwa na Wapiga Mbizi wa Kijeshi wa Uingereza

Katika miaka ya 1970, wapiga mbizi wa Jeshi la Majini la Uingereza walipewa saa za Rolex Submariner zilizotengenezwa kwa masharti ya serikali, na leo bei yake kubwa imewavutia waghushi wengi. Kwa hiyo, anza kwa kufungua kifuniko cha nyuma mbele ya fundi unayemwamini, badala ya kuridhika na picha za muuzaji.

Mgongoni tafuta alama ya mshale mpana, ambayo ndiyo alama ya mali ya serikali ya Uingereza, pamoja na tarakimu 0552 zinazoonyesha kuwa saa ilitolewa kwa Jeshi la Majini. Kisha utazame uso wake: herufi T ndani ya duara huashiria tritiamu (kemikali yenye mionzi inayofanya alama za saa zing'ae gizani), mishale ina umbo la upanga, na pete ya nje ina vistari vya dakika zote 60, ilhali ile ya kiraia huwa navyo kwa dakika 15 za mwanzo tu. Vijiti vya kushikia mkanda vimeunganishwa moja kwa moja na kasha, visichomoke mpiga mbizi akiwa majini.

Kwa kuwa nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, uso unaong'aa sana gizani umepakwa rangi upya au umebadilishwa.

Ukishainunua, usikubali kamwe ing'arishwe, kwani mashine hula kingo za kasha pamoja na maandishi ya mgongoni.