Fonti ya vitufe kwa wanaoandaa vijitabu vya kompyuta

Wenzangu mnaofundisha kompyuta, msihangaike tena kupiga picha kibodi na kukata kitufe kimoja kimoja. Ipo fonti (seti ya maumbo ya herufi) inaitwa Libertinus Keyboard: ukiandika P, inatokea P ndani ya kitufe chake, safi kabisa, na hata ukiikuza haivurugiki kama picha.

Kilichonifurahisha zaidi ni leseni yake, SIL Open Font License. Inakuruhusu kuitumia, kuinakili, kumpa mwenzako kwenye fleshi, hata kuibadilisha. Kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Kijitabu ulichokiandaa kwayo kiuze bila wasiwasi. Popote unapopakua fonti, fungua kwanza faili la leseni, mara nyingi huitwa OFL.txt. Neno "bure" halitoshi, maana fonti nyingi ni bure kwa matumizi binafsi tu, na darasa la kulipia si matumizi binafsi.

Jambo moja lilinitia hasara. Nilipeleka kijitabu kuchapisha steshenari moja hapa Ngamiani, Tanga, kikiwa faili la LibreOffice, programu ya kuandikia. Kompyuta yao haikuwa na fonti ile, vitufe vyote vikageuka herufi tupu, nakala 40 zikaenda bure. Siku hizi natoa PDF kwanza, maana fonti inaingia humo humo.

Kama unahitaji alama chache tu, mfano ⌘ (kitufe cha Command cha Mac) au ⌫ (cha kufuta), zimo tayari kwenye Unicode, yaani orodha ya kimataifa ya herufi na alama za kompyuta, na fonti ya DejaVu Sans inazo.