Kwa baiskeli hadi vijiji vya Hombolo: namna ya kupita na kupokelewa

Jumamosi zangu nyingi huishia kwenye njia za vumbi kati ya Ihumwa na Hombolo, na rafiki zangu wa Dodoma mjini huniuliza inakuwaje nakaribishwa chakula na watu ambao hatujawahi kuonana. Nakaribishwa kwa sababu nashuka kwenye baiskeli mapema. Mengine ni haya.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na makorongo yanayokatiza njia hujaa ghafla. Ukikuta korongo linashusha maji ya rangi ya udongo, subiri yapungue. Mimi huenda Juni na Julai. Uwele na mtama umeshavunwa, watu wako nyumbani wanapura na kupepeta. Beba sweta, maana tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na asubuhi baridi inauma.

Hatua ya 2: Andaa tairi

Hapa ndipo wengi wanakwama. Njia zimejaa mbigili na miiba ya migunga. Chukua tyubu kuukuu, ikate vali, ipasue kwa urefu, kisha itandaze ndani ya tairi kabla ya kuvisha tyubu nzima. Baiskeli ya Phoenix ya kawaida inatosha kabisa. Gia si lazima. Beba viraka, solusheni, msasa, pampu na tyubu moja ya akiba.

Ukipata pancha usikimbilie kubandika. Mwiba hukatika, ncha ikabaki imejificha ndani ya mpira. Siku moja nilibandika viraka vitatu mfululizo, na kila nikijaza upepo unaisha. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi akaniomba nimpe tairi. Akapitisha kipande cha kitambaa ndani yake, taratibu, mzunguko mzima, mpaka uzi ukanasa. Ncha yenyewe ilikuwa ndogo kuliko punje ya uwele, na kidole changu kilikuwa kimeipita mara zote tatu. Tangu siku hiyo kipande cha kanga hakikosi mfukoni mwangu.

Hatua ya 3: Njia

Toka Dodoma mjini saa kumi na mbili asubuhi kwa barabara ya Dar es Salaam, ukae pembeni kabisa kwa ajili ya malori na mabasi. Ukifika Ihumwa kunja kushoto. Safari nzima ni kama kilomita 40 kwenda tu. Kiangazi upepo hutoka mashariki: asubuhi utapambana nao ukiwa bado na nguvu, jioni utakusukuma mgongoni. Kwenye kichanga shuka usukume. Mbele utaona mashamba ya zabibu na bwawa la Hombolo lililojengwa mwaka 1957.

Hatua ya 4: Shuka, salimia

Shuka kabla hujaifikia nyumba ya kwanza, usukume. Wakubwa wape shikamoo. Ukiwakuta wamekaa wengi, sema “Mbukwenyi!” Hiyo ni salamu ya Kigogo, na utaona nyuso zinavyofunguka. Kama unataka kulala kijijini, nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji ujitambulishe.

Hatua ya 5: Piga hodi

Egemeza baiskeli kwenye mti. Usiiegemeze kwenye ukuta wa tembe: ni miti na udongo, na mpini unaukwangua. Piga hodi ukiwa mbali kidogo na mlango. Hodi tatu bila jibu, endelea na safari.

Ukikaribishwa, kaa kwenye kigoda ulichopewa na uombe maji ya kunywa. Ulizia mvua, mavuno, hali ya watoto. Idadi ya ng'ombe usiulize kabisa. Hiyo ni akiba ya nyumba. Simu iache mfukoni. Picha huja baadaye, kwa ruhusa, na ukiahidi kuisafisha uilete, ilete kweli. Watu huzisubiri.

Hatua ya 6: Chakula

Huenda ukawekewa ugali wa uwele na mlenda. Nawa, kula, hata kama ni matonge machache. Mlenda unavutika: chovya tonge, lizungushe kidogo ukilinyanyua ili uzi ukatike, kisha peleka mdomoni. Bibi mmoja alinishika kiganja akanifundisha, huku wajukuu wake wakinihesabia matonge.

Hatua ya 7: Kuaga

Sukari, chumvi au sabuni uliyobeba mkabidhi mama wa nyumba, kwa mikono miwili, bila kutangaza. Watoto usiwagawie hela; waache wasukume baiskeli kwa zamu, wanafurahi mno. Aga mapema, saa nane hivi, giza lisikukute barabara kuu.

Nao watakusindikiza. Usipande baiskeli hapo uani. Tembea nao ukiisukuma, mkizungumza, mpaka wao wenyewe wasimame na kukwambia, “Haya mwanangu, sisi tunaishia hapa.” Hapo ndipo unapanda.