Mwiko na miiko yake: namna ya kuendesha duara la shukrani kazini wiki ya Thanksgiving

Mwaka wangu wa kwanza Minnesota, Marekani, meneja wa kituo cha kutunzia wazee nilikokuwa nafanya kazi alituita chumba cha mapumziko siku moja kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru, akasema kila mmoja aeleze anashukuru nini. Nilikuwa wa tatu. Mimi ni mtu wa Marangu, nimelelewa kwenye usharika wa Kilutheri, na shukrani ninayoijua haitolewi umekaa. Nikasimama. "Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijalia uzima..." Kutoka hapo nikaenda kwa baba na mama, nikapitia kwa mchungaji, nikamkumbuka binamu aliyenipokea uwanja wa ndege, nikaushukuru uongozi wa kituo, nikamalizia na wafanyakazi wenzangu wote bila kutaja majina nisije nikamsahau mtu. Dakika sita hivi. Maikrowevu ya mtu ililia, ikalia tena. Taa tatu za wazee wanaoita msaada zikawaka ukutani, watu wawili wakachomoka kwenda kuwahudumia. Nilipoketi nilipigiwa makofi yale anayopigiwa mtoto aliyesahau shairi.

Aliyenifuata alikuwa mzee wa usafi, mzaliwa wa hapo hapo, mtu asiye na maneno. Alisema hivi: "Namshukuru anayejaza ndoo ya chumvi mlango wa nyuma kila theluji ikianguka. Simjui ni nani. Nina goti bovu, na msimu uliopita sikuteleza hata mara moja." Basi. Watu kimya. Halafu dada mmoja wa jikoni akanyoosha mkono taratibu, kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Ni yeye. Walikuwa wamefanya kazi jengo moja miaka mitatu bila kuvuka salamu.

Sasa ni mwaka wa tisa nabeba boksi kwa wazee hawa, na duara la shukrani naliendesha mimi. Wenzangu wa vituo vingine wakiambiwa "hebu mwaka huu wewe ndiye uandae" hunipigia simu. Ninayowaambia ni haya.

Kwanza siku. Thanksgiving huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na imekuwa hivyo kisheria tangu Bunge la Marekani lilipopitisha mwaka 1941. Alhamisi yenyewe usiiguse. Wenye ruhusa hawapo, waliopo wanakimbizana kwa sababu zamu ina upungufu, na ndugu za wazee wamejaa ukumbini. Jumatano nayo watu akili zao ziko barabarani au kwenye oveni. Mimi nachukua Jumanne.

Saa ni jambo la kupigania zaidi kuliko siku. Kwetu zamu ya asubuhi inaisha saa tisa alasiri, na ya jioni inaingia saa nane na nusu kwa makabidhiano. Nusu saa hiyo ndiyo pekee ambayo watu wa zamu mbili wanakuwa chini ya paa moja. Makabidhiano yanakula dakika 10, zilizobaki 20 ni zangu. Nilimwandikia meneja nikaomba mambo mawili: dakika hizo zihesabiwe kama kazi, na watu wa ofisini watoke wajibu taa za wazee mpaka tumalize. Alikubali yote. Usiendeshe duara nje ya saa za kazi bila malipo. Utakuwa umemwibia mtu muda wake halafu unataka akushukuru.

Pili, swali. "Unashukuru nini?" ni swali bovu, nalisema bila aibu. Watu kumi watakujibu familia, afya na kazi, na mtu wa kumi na moja atasema "kama walivyosema wenzangu." Si wanafiki, umewauliza jambo pana mno. Mimi nabandika karatasi mlangoni wiki nzima kabla, imeandikwa: "Tangu Novemba iliyopita, nani humu ndani alikupunguzia mzigo, na alifanya nini?"

Wiki nzima ina sababu yake. Nusu yetu tunafikiri kwa lugha nyingine kabla ya kufungua mdomo: Kisomali, Kihmong cha watu wa milima ya Laos, Kihispania, Kiswahili. Ukimvizia mtu hapo hapo atatoa Kiingereza cha kwenye kadi za dukani. Hata mimi naandika sentensi yangu nyuma ya karatasi ya zamu, naisoma chooni mara mbili, ndipo naingia.

Ukitaka kujua kama shukrani yako imekaa sawa, itafutie mtu, kitendo, na kitu kilichobadilika. "Nawashukuru nyote kwa upendo wenu" haina hata kimoja. Linganisha na ya kijana mmoja wa zamu ya jioni: alimtaja mwenzake kwa jina, akasema usiku wa Januari gari lake lilipogoma kuwaka, mwenzake huyo alitoka nyumbani saa sita usiku na waya za betri, amevaa ndala na soksi juu ya theluji. "Nilifika nyumbani mwanangu hajalala," akasema. Duara zima liliangalia miguu ya yule mwenzake. Siku hiyo alikuwa amevaa viatu.

Sasa mwiko. Mwiko wa mbao, ule wa kusongea ugali, nilioletewa na mama kwenye begi pamoja na unga wa ndizi. Anayeushika ndiye anayesema. Akimaliza anampa wa kulia kwake. Asiyetaka kusema anaupitisha tu, na haulizwi, hataniwi, hakuna "aah, sema hata neno moja!" Hili nalitangaza mwanzoni kwa sauti. Tuna mwenzetu Shahidi wa Yehova ambaye haadhimishi sikukuu hii. Anakuja, anakaa nasi, mwiko unapita mkononi mwake kama sahani ya chumvi. Na kuna mwaka mwenzetu mmoja alikuwa amemzika mkewe Oktoba. Aliushika mwiko muda, akaugeuza upande wa pili, akampa jirani. Hatukuhitaji zaidi.

Na mwiko huo una miiko yake.

Usitaje mzee yeyote kwa jina, namba ya chumba wala ugonjwa. Najua ni hapo hapo penye utamu, maana wengi wetu shukrani zetu ni za bibi fulani aliyetushika mkono siku mbaya. Lakini sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, ile ya kulinda siri za wagonjwa, haijali kwamba ulikuwa unalia kwa upendo, na mlango wa chumba cha mapumziko hukaa wazi. Sema "mmoja wa wazee wetu", inatosha, wanaomjua watajua.

Vijembe marufuku. Sisi watu wa Kiswahili tuna kipaji hiki, tusijifanye. "Nawashukuru wale ambao huwa wanafika kwa wakati," huku jicho liko kwa mtu mmoja pembeni ya friji. Nilishawahi kulisema hilo mwenyewe, mwaka wangu wa pili, na niliyemkusudia alielewa bila mkalimani. Ilinichukua mpaka Pasaka kurudisha maneno kati yetu.

Bosi anasema katikati, akiwa mtu kama watu. Asifungue, asifunge. Kituo nilichoanzia kazi, mkubwa mmoja alifunga duara kwa kutushukuru kwa kujitoa kwetu, kisha kwa pumzi ile ile akatuarifu kwamba bonasi ya mwisho wa mwaka haitakuwepo. Dada wa Kisumu aliyekaa kando yangu akanong'ona, "Asante ya punda." Sikumalizia methali kwa sauti, nilikohoa mpaka wakaniletea maji. Kama kuna habari ya mishahara, itafutiwe kikao chake.

Mungu hajakatazwa. Mtaje, kwa sentensi moja, kisha uende kwa binadamu aliyemtumia. Usigeuze kuwa sala, maana aliyekaa kulia kwako huenda anaswali kwa namna nyingine au haswali kabisa, na hajui lini aseme amina.

Mwiko wa mwisho ndio niliouelewa nikiwa nimechelewa. Usifungue duara kwa hadithi ya mahujaji, wale walowezi wa Kiingereza, na Wahindi Wekundu kula pamoja Plymouth, Massachusetts, mwaka 1621. Nilifanya hivyo mara moja, nimeisoma kwenye karatasi ya shule ya mtoto, naona nimejiandaa kweli. Mwenzetu wa chumba cha kufulia, ambaye bibi yake ni Mdakota, wenyeji wa asili wa Minnesota, aliondoka kwenda kuangalia mashine ambayo haikuwa na nguo. Baadaye alinieleza bila hasira. Shukrani ya taifa zima ya kila mwaka ilianzia kwenye tangazo la Rais Lincoln, Oktoba 1863. Huyo huyo Lincoln, miezi tisa hivi nyuma, alikuwa ameidhinisha kunyongwa kwa wanaume 38 wa Kidakota kwa siku moja, tarehe 26 Desemba 1862, mjini Mankato, ambako mimi hupita nikienda kumtembelea rafiki. Na kule Plymouth kwenyewe, tangu 1970 wenyeji wa asili hukusanyika Alhamisi hiyo hiyo kama siku ya maombolezo. Mwenzetu anakuja kwenye duara, na mwiko anaushika. Alichoomba ni hadithi ile isisomwe, basi.

Mimi sasa nafungua na hadithi ya sikukuu ya mavuno kanisani kwetu Marangu, kama dakika moja. Ibada ikiisha tunatoka nje kwenye mnada: mkungu wa ndizi, jogoo, maziwa kwenye kibuyu. Mtu ananunua jogoo kwa bei ya kuchekesha, halafu anamrudisha auzwe tena, na jogoo mmoja anaweza kununuliwa mara tano kabla ya kukutana na sufuria. Wenzangu wanacheka, mabega yanalegea, tunaanza. Mama mmoja wa Liberia, wa Brooklyn Park ambako wenzake wako wengi, husubiri kila mwaka nimalize ili atukumbushe kwamba wao Shukrani yao ni Alhamisi ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo anatusindikiza tu.

Chakula kinawekwa baada ya duara, si wakati wake. Mtu hawezi kusikiliza habari za goti huku anawaza paja. Kila mtu anakuja na sufuria yake, na kila sufuria inapata kipande cha gundi ya karatasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: kuna nini, kuna nyama gani, kuna karanga au hakuna. Pilau yangu nyama naichukua bucha ya Kisomali, naandika hivyo juu ya mfuniko, na kijiko chake hakisogezwi karibu na sahani ya nguruwe. Vijana wa Kisomali walikuwa wanakula chipsi tu miaka yote kabla ya hapo, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Bata mzinga kama mnapika wenyewe, mtoe kwenye friza mapema. Kwenye friji ya kawaida anataka siku nzima kwa kila kilo mbili hivi, kwa hiyo wa kilo saba ni siku tatu au nne. Mimi mwaka mmoja nilimtoa Jumatatu jioni. Jumanne alikuwa jiwe, tukamrudisha, tukala sambusa za Kihmong zilizokunjwa ndefu kama vidole, tamale, na pilau. Hakuna aliyemkumbuka bata. Mkimpika, nyama ya ndani ifike nyuzi 74 za Selsiasi, na ununue kipimajoto, usikisie kwa rangi.

Mtu akilia, msipige makofi. Mpe karatasi ya kujifutia, mwiko ubaki mkononi mwake mpaka autoe mwenyewe. Huwa si zaidi ya nusu dakika, ingawa kwa anayesubiri zamu yake inaonekana saa nzima.

Wanaosahauliwa siku zote ni zamu ya usiku. Wanaingia saa tano, sufuria zimeoshwa, puto limenywea. Kwa hao naacha boksi la viatu lenye tundu juu, kadi tupu na kalamu, na swali lile lile, tangu Ijumaa iliyotangulia. Jumanne nasoma kadi zao kwanza kabla mwiko haujaanza kuzunguka, kwa hiyo wasiokuwepo ndio wanaofungua. Na kabla mtu yeyote hajapakua, nafunika sahani zao kwa karatasi ya fedha, naandika majina, naziweka rafu ya juu ya friji. Kabla, nasema. Ukisubiri mabaki utawaachia mifupa.

Mwaka jana asubuhi ya Jumatano nilikuta kadi mpya kwenye boksi, mwandiko wa dereva wa zamani wa matatu ambaye sasa analinda wazee wetu usiku: "Nashukuru sahani. Pilau imenikumbusha Kongowea. Lakini kachumbari nani alimaliza?"

Kachumbari nilimaliza mimi.