Namna ya kusema "nasoma" na "najifunza" kwa Kihispania bila kukosea kitenzi

Mwaka juzi nilipanda gari moja na mwanafunzi wangu, kijana mwongoza watalii, tukawa tunashuka kreta ya Ngorongoro na wageni wanne kutoka Hispania. Mama mmoja akamuuliza msimu wa mvua, wageni wakipungua, huwa anafanya nini. Kijana akajibu bila kusita: "Leo español en Arusha." (Hiyo "leo" si leo yetu, ni "nasoma" ya kitenzi "leer".) Yule mama akafurahi, akauliza: "¿Ah, sí? ¿Y qué lees?" Yaani unasoma vitabu gani? Kijana akanigeukia, maana yeye alitaka kusema anasoma kozi ya Kihispania, na kamusi ilikuwa imempa "leer".

Kamusi haikukosea. Kusoma ni "leer" kweli. Shida ni kwamba neno letu hili limebeba mizigo mingi kwa pamoja: kusoma gazeti, kusoma chuo, kusoma kwa ajili ya mtihani. Kihispania kimeigawanya mizigo hiyo, kila mmoja na mbebaji wake. Nimefundisha lugha hii miaka kadhaa, na nimeona mtu akijiuliza maswali machache kabla ya kufungua mdomo, kitenzi sahihi huja chenyewe. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jiulize, kuna maandishi mbele ya macho yangu?

Kama yapo, tumia "leer". Nasoma gazeti: "Leo el periódico." Soma kibao hicho: "Lee ese cartel."

Kama unamaanisha kwamba wewe ni mwanafunzi, au umekaa chini na madaftari, hapo "leer" iache. Kitenzi ni "estudiar":

Nasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: "Estudio en la Universidad de Dar es Salaam."

Dada yangu anasomea udaktari: "Mi hermana estudia medicina."

Kesho kuna mtihani, lazima nisome: "Mañana hay examen, tengo que estudiar."

Mtoto akisema anasoma darasa la saba, hata "estudiar" haihitajiki. Kwa Kihispania inatosha kusema "Estoy en séptimo", nipo la saba. Na ile sifa yetu ya "huyu mtu amesoma" ni "tiene estudios". Ukisema "ha leído mucho" utakuwa umemsifia kwa kumaliza vitabu vingi, jambo zuri pia, ila si lile ulilokusudia.

Kuna mahali pamoja ambapo "leer" huingia chuoni kwa namna isiyotarajiwa. Hispania mtu akisema "leyó la tesis en junio", anamaanisha aliitetea tasnifu yake ya uzamivu mbele ya jopo mwezi Juni. Usishangae ukikutana nayo.

Hatua ya 2: Unazungumzia jasho au kilichoingia kichwani?

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa hiyo tusikimbie.

"Estudiar" ni jasho: muda, kitabu, kiti, taa. Asili yake ni neno la Kilatini "studium", lenye maana ya bidii na shauku. "Aprender" ni kile kilichobaki kichwani au mikononi baada ya jasho, au hata bila jasho. Asili yake ni "apprehendere", yaani kukamata, kushika. Nikiwaeleza hivyo wanafunzi wangu huwa wanaelewa papo hapo, kwa sababu sisi wenyewe mwalimu akimaliza kufundisha hutuuliza: "Mmeshika?" Basi "aprender" ni kushika.

Ndiyo maana sentensi hii ina mantiki kamili: "Estudié toda la noche y no aprendí nada." Nilisoma usiku kucha na sikushika kitu. Ukivibadilishana vitenzi hivyo, sentensi inavunjika.

Kipimo ninachokitumia ni cha muda. Kama unahesabu umekaa kwa saa ngapi, ni "estudiar": "Estudié tres horas." Kama unahesabu umepata nini ndani ya muda huo, ni "aprender": "En tres horas aprendí veinte verbos." Ukisema "aprendí tres horas", Mhispania atasubiri umalizie sentensi: ulijifunza nini?

Sasa tofauti hii inakuhusu vipi ukiwa kazini? Mgeni akikuuliza "¿Dónde estudiaste español?", anataka kujua shule au kozi. Akikuuliza "¿Dónde aprendiste español?", mlango uko wazi zaidi, unaweza kujibu shuleni, mtaani, jikoni hotelini, popote. Wengi wa wanafunzi wangu hawakukaa darasani mwanzoni, na jibu lao la kweli ni "Aprendí solo", nilijifunza mwenyewe. Mwanamke aseme "Aprendí sola". Au "Aprendí con los clientes", nilijifunza kwa wateja. Lisemeni jibu hilo kwa fahari. Mtu aliyeshika lugha akiwa kazini amefanya jambo kubwa, na Mhispania atakuheshimu kwa hilo.

Hatua ya 3: Kinachofuata ni kitenzi? Weka "a".

Kujifunza kitu: "aprender" peke yake. "Aprendo español."

Kujifunza kufanya kitu: "aprender a". "Aprendo a cocinar." Najifunza kuendesha gari ni "Estoy aprendiendo a conducir" kwa Hispania, na "a manejar" kwa Meksiko na sehemu kubwa ya Amerika ya Kilatini.

Sisi hatuna kiungo chochote hapo, tunasema tu "kujifunza kupika", kwa hiyo "a" hii inasahaulika kwa urahisi. Na sikio halisaidii sana: kitenzi kinachofuata kikianza na "a", sauti hizo mbili humezana. "Aprendo a andar", najifunza kutembea, husikika kama "aprendo andar". Kwa hiyo usingoje kuisikia. Izoee kwa kuiandika.

Sheria hiyohiyo inakihusu "enseñar", kufundisha (ñ tamka kama ny ya nyanya): "Mi abuela me enseñó a cocinar pilau." Kitenzi hiki pia kina maana ya kuonyesha. Mwenyeji akikuambia "Te enseño la casa", hakupi somo la ujenzi, anakutembeza vyumbani.

"Estudiar" haifuatwi na "a" na kitenzi namna hiyo. Nasomea upishi ni "Estudio cocina".

Hatua ya 4: Ile "ji" iache kwenye Kiswahili

Kosa hili ni letu hasa. Kwa kuwa "kujifunza" ina "ji" ndani yake, mwanafunzi makini huitafutia mwenzake wa Kihispania, akampata "me", kisha akasema: "Me aprendo español." Mantiki yake ni nzuri kabisa, lakini sentensi haisimami.

Kibaya zaidi, "aprenderse" ipo, ila ina kazi nyingine: kushika kitu kizima, chenye mwanzo na mwisho, mpaka ukiseme bila kuangalia. Iko karibu sana na kukariri kwetu. Nina mwanafunzi mmoja aliyejiandikia majina ya ndege kwenye karatasi, akaibandika kwenye kioo cha kujikingia jua ndani ya gari. Kila akisubiri wageni, anaishusha, anafunika safu ya Kihispania kwa kidole gumba, anajaribu: mbuni, "avestruz"; korongo, "cigüeña"; tai, "águila". Baada ya wiki tatu aliitoa karatasi. Siku hiyo alikuwa na haki ya kusema "Me aprendí los nombres de todos los pájaros", kwa sababu orodha ilikuwa na mwisho na yeye ameufikia.

Lugha nzima haina mwisho huo. Ndiyo maana lugha ni "aprender", na orodha, shairi, namba ya simu au somo la leo ni "aprenderse". Kumbuka kiambata hubadilika kufuata mtenda: "me aprendí, te aprendiste, se aprendió".

Ukitaka kusema kukariri moja kwa moja, kuna "memorizar" na "aprender de memoria". Kudurusu ni "repasar".

Hatua ya 5: Bado unaendelea?

"Najifunza Kihispania, sasa ni mwaka wa pili." Usihangaike na njeo, yaani wakati wa kitenzi. Tumia "llevar": "Llevo dos años estudiando español." Ukikaa mahali ni hivyohivyo: "Llevo cinco años en Arusha", nina miaka mitano Arusha. Ukisema "Estudié español dos años", umeshaacha.

Hatua ya 6: Na ulichokwisha kujifunza, unakijua vipi?

"Kujua" nayo ina wabebaji wawili. "Saber" ni kujua jambo au kujua kufanya: "Sé que está cerrado", najua pamefungwa; "Sé nadar", najua kuogelea. Hapa Kiswahili kinatubeba, maana tunasema "najua kuogelea" vilevile, kitenzi juu ya kitenzi, bila neno la ziada katikati.

"Conocer" ni kufahamiana na mtu, mahali, au kitu ulichokionja mwenyewe. "Conozco Bagamoyo." Akiwa mtu, ongeza "a": "Conozco a tu hermano." Wageni wengi wanaojifunza Kihispania huisahau "a" hii, lakini wewe una silaha ya nyumbani. Kwa mahali unasema "naijua Bagamoyo" au "najua Bagamoyo", vyote vinapita. Kwa mtu huwezi kusema "najua kaka yako". Sikio linadai "namjua". Basi popote unaposikia ile "m" ya "namjua" na jina likafuata, Kihispania kinataka "a".

Angalia pia wakati uliopita, kwa sababu maana huhama. "Sabía" ni nilikuwa najua tayari. "Supe" ni nilipata kujua, habari ilinifikia. "Conocía a mi mujer" ni nilikuwa namfahamu mke wangu. "Conocí a mi mujer en Moshi" ni ndipo tulipokutana mara ya kwanza.

Habari iliyokufikia ina kitenzi chake kingine kinachotumika kila siku, "enterarse de": "Me enteré de la noticia por la radio." Ndiyo kwanza nasikia: "Me acabo de enterar." Na swali likikushinda mbele ya wageni, usibuni jibu. Sema "No lo sé, pero lo averiguo", sijui ila nitaulizia mpaka nijue. Sentensi hiyo moja imewaokoa wanafunzi wangu mara nyingi kuliko sura nzima ya sarufi.

Hatua ya 7: Mitihani

Hapa ni kukariri tu. Kufanya mtihani ni "hacer un examen" au "presentarse a un examen". Kufaulu ni "aprobar". Kufeli ni "suspender" kwa Hispania, "reprobar" kwa Meksiko, "desaprobar" kwa Argentina. Kuhudhuria darasa ni "asistir a clase", na hapa haina maana ya kusaidia kama "assist" ya Kiingereza. "Dar clases" ni kufundisha.

Ukifika mahali pa kutaka cheti, mtihani wa DELE wa Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania inayokuza lugha ya Kihispania, una ngazi sita, A1 hadi C2, na matokeo huandikwa "apto" au "no apto". Kumwambia mtu kwamba utaufanya: "Me presento al DELE."

Zoezi

Funika majibu, andika yako kwanza kwa mkono.

1. Mdogo wangu anasomea sheria Nairobi.
2. Nimejifunza kusalimia kwa Kihispania.
3. Nilisoma saa mbili, nikalishika shairi lote.
4. Unamfahamu mwalimu wangu?
5. Nilijifunza Kihispania kwa kuongea na wageni.

Majibu:

1. "Mi hermano pequeño estudia Derecho en Nairobi." Akiwa wa kike, "mi hermana pequeña", Kihispania kinakulazimisha kuchagua.
2. "He aprendido a saludar en español." Ukiwa umeisahau "a", rudi hatua ya 3.
3. "Estudié dos horas y me aprendí todo el poema." Jasho kwanza, kisha kitu kizima chenye mwisho.
4. "¿Conoces a mi profesor?"
5. "Aprendí español hablando con los clientes." Ukiwa umeandika "estudié", mgeni atadhani mlikaa nao na daftari. Na ile "kwa" yetu usiitafsiri: "hablando" yenyewe tayari ina maana ya kwa kuongea.