Jinsi ya kupima kama bakteria wa utumbo humkinga dafnia dhidi ya mwani wenye sumu

Dafnia, au kiroboto wa maji, ni mnyama wa jamii ya kamba mwenye urefu wa milimita chache tu. Mwili wake unapitisha mwanga: chini ya hadubini unaona moyo ukidunda na utumbo uliojaa kijani. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba uwezo wake wa kuvumilia Microcystis, mwani wa kijani-buluu uleule unaotanda Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria, huhama pamoja na bakteria wa utumbo. Hapa nakupa njia nyepesi, inayofaa maabara ya chuo.

1. Anza na jike mmoja. Huzaa bila dume mambo yakiwa mazuri, hivyo ukoo mzima utakuwa na jeni zilezile. Acha maji ya bomba wazi siku nzima klorini itoke. Chakula ni klorela, mwani wa kijani usio na sumu. Joto, nyuzi 18 hadi 22.

2. Gawa wazao makundi mawili. Moja lile klorela tupu. Jingine liongezee Microcystis kidogo kwa wiki kadhaa. Ipate maabara ukiweza, maana si kila Microcystis hutoa sumu. Vaa glavu: mikrosistini, sumu ya Microcystis, hushambulia ini.

3. Hapa ndipo penye kazi. Suuza wakubwa waliozoea sumu, wasage kwenye maji safi kidogo, chuja maganda. Gawa mchuzi huo nusu kwa nusu, nusu moja uichemshe na uiache ipoe. Wengi huruka kuchemsha, halafu wakiulizwa kama kilichosaidia ni bakteria au lishe iliyomo, hawana jibu. Moto unaua bakteria, lakini mikrosistini haiondoki kwa kuchemshwa, na sehemu kubwa ya lishe inabaki. Kwa hiyo nusu hizo zinatofautiana hasa kwa uhai. Fanya vivyo hivyo kwa wale wasioijua sumu.

4. Chukua watoto wasiozidi saa 24. Weka watano kila kikombe, vikombe vinne kwa kila mchuzi, na vinne vya ziada visivyotiwa sumu. Wape matone sawa ya mchuzi pamoja na klorela kwa siku chache, kisha badilisha maji na utie Microcystis.

5. Hesabu baada ya saa 24 na 48. Tikisa kikombe taratibu; asiyeogelea ndani ya sekunde 15 ameshindwa. Wasiotiwa sumu wakishindwa zaidi ya asilimia 10, futa jaribio zima na ukague maji yako.

Mchuzi hai wa waliozoea ukiokoa wengi kuliko uliochemshwa, na kuliko ule wa wasioijua sumu, sifa ni ya bakteria. Tofauti ikiwa ndogo, kumbuka watoto hawa tayari wana bakteria waliowapata kwa mama. Maabara kubwa husafisha mayai kwa glutaraldehidi, dawa kali ambayo siipendekezi pasipo na mtambo wa kufyonza hewa. Afadhali urudie kwa ukoo wa jike mwingine, kwa sababu jeni za dafnia nazo huchangia kuamua bakteria gani watakaa.