Pima mshono kabla ya kuunga viraka

Kabla hujaanza kuunga viraka vya mfarishi (blanketi la vipande vya kitambaa vilivyoshonwa pamoja), jaribu cherehani yako kwanza. Kata vipande 3 vya upana wa inchi 1½, viunge kwa mshono wa robo inchi (kutoka ukingo wa kitambaa hadi mstari wa uzi), piga pasi, kisha pima kile cha katikati. Kinatakiwa kiwe inchi 1 kamili. Kikipungua, mshono wako ni mpana. Bandika selotepu kwenye bamba la cherehani, pungufu kidogo ya robo inchi kutoka kwenye sindano, kwa unene wa uzi mmoja, uifuate kama ukingo. Uzi huo mmoja unafidia unene wa kitambaa pale kinapokunjwa.

Usidharau kosa dogo. Mshono ukizidi kwa 1/16 ya inchi hula 1/8, maana unakata pande mbili. Safu ya viraka 8 ina mishono 7, kwa hiyo imepungua 7/8 ya inchi, na hapo hakuna kuvuta kutakakoilinganisha na jirani yake.

Pasi nayo ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe: ikiburutwa, hasa yenye mvuke, kitambaa kilichokatwa mshazari hutanuka. Laza mshono upande wa rangi iliyokolea usionekane kwa juu.